Nimeona, au Nimeambiwa?

Mzazi anayempeleka mtoto wake shuleni hupenda kujua faida ya kila shilingi anayoitoa. Hana kosa. Basi mwalimu akileta habari kwamba mwisho wa juma wanafunzi watalala porini siku mbili ili kutazama nyota, na kwamba kila mmoja alete nauli, blanketi na chakula chake, si ajabu mzazi akauliza: Nyota? Hizi tunazoziona kila usiku uani petu? Zitampa nini mwanangu?

Swali hilo lastahili jibu, nasi twataka kulijibu leo. Hatutajibu kwamba elimu ya nyota humfungulia kijana njia ya kuwa rubani, mhandisi au mwalimu wa fizikia. Huenda ikawa hivyo, huenda isiwe; wengi wa watoto hao watakuwa wakulima, wauguzi, wafanya biashara na makarani. Twasema kwamba safari ya namna hii, ikiongozwa vema, humzoeza kijana kutenganisha maneno matatu: "nimeona", "nimeambiwa", na "nadhani". Na swali tunalotaka kulipima pamoja nanyi, wasomaji wetu, ni hili: Je, kuyatenganisha maneno hayo ni desturi ya wataalamu tu, au ni deni la kila mtu mwenye ulimi?

SAFARI YENYEWE

Kwanza tuieleze kazi hiyo, maana si wote waliopata kuiona. Wanafunzi hutolewa mjini kwa sababu mwanga wa taa za barabarani na za maduka huzimeza nyota. Mtu wa Dar es Salaam aweza kuzihesabu nyota zake. Mtu wa kijijini hawezi kumaliza. Huchaguliwa siku zilizo karibu na mwezi mwandamo, ili mbalamwezi isiharibu giza, na majira ya kiangazi, wakati mbingu za Dodoma na Singida zinapokuwa safi. Wakifika, taa huzimwa na simu hufungwa, kwa kuwa jicho la binadamu lahitaji kama nusu saa ya giza kabla halijapata nguvu zake za kuona usiku. Mwanga mweupe wa dakika moja tu huziharibu nguvu hizo, ikabidi kungoja upya. Anayetaka kuandika hutumia kurunzi iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu, maana mwanga mwekundu haulisumbui jicho sana.

Kila mmoja hupewa daftari. Huandika tarehe, saa, mahali, hali ya anga, na chombo alichokitumia, kama ni jicho tupu au darubini. Kisha huchora alichokiona. Katika mwezi wa Agosti, kwa mfano, Msalaba wa Kusini huonekana mapema jioni ukiinama kuelekea kutua. Na kabla ya mapambazuko huonekana Kilimia, zile nyota zilizosongamana ambazo wazee wetu walizitumia kujua majira ya kulima. Wanafunzi huonyeshwa pia jambo moja la ajabu: kitu kilicho hafifu mno hakionekani ukikikazia macho. Ukitazama kando yake kidogo, huja chenyewe, kwa sababu sehemu ya katikati ya jicho, iliyo hodari mchana, ni dhaifu gizani.

Kazi hii yataka subira, ukimya na mikono isiyo na haraka. Si lazima iwe ya gharama kubwa. Katika nchi jirani ya Kenya Bibi Susan Murabana amejulikana kwa kuwazungushia watoto darubini mashuleni. Darubini moja yaweza kuwatosha wanafunzi wengi, na daftari ni la shilingi chache. Lakini ndani ya kazi hii nyepesi mna jaribu.

JARIBU

Sayari ya Zohali yajulikana na karibu kila mtoto aliyepata kufungua kitabu chenye picha za mbinguni, kwa sababu ya pete zake. Pete hizo ni pana mno, lakini ni nyembamba sana, na kila baada ya miaka 15 hivi hutugeuzia ukingo wake, kama sahani inayotazamwa kwa ubavu. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Machi 2025, na kwa sehemu kubwa ya mwaka ule pete zilionekana kama uzi tu; pengine katika darubini ndogo hazikuonekana kabisa.

Sasa mfikirieni kijana aliyesimama katika mstari mwaka ule, saa tano ya usiku, baridi ikimchoma. Picha ya kitabuni imo kichwani mwake. Mwenzake aliyemtangulia amesema kwa sauti, "Loo, pete hizo!" Mwalimu anangoja. Naye anainama, anachungulia, anaona nukta ya manjano yenye kamstari chembamba, au nukta tupu. Atasema nini? Atachora nini?

Tusijidanganye, wengi wangesema, "Naam, nimeziona." Wangesema hivyo kwa sababu ya aibu, wasionekane wajinga kuliko wenzao. Wangesema hivyo kwa kutaka kumridhisha mwalimu, aliyehangaika kuwaleta mbali hivyo. Au wangesema hivyo kwa uchovu, ili wapishe wengine wakalale. Kisha wangechora daftarini pete za kitabuni, tena nzuri. Hakuna aliyeibiwa mali yake, wala hakuna aliyeumizwa. Lakini kijana yule amejifunza usiku ule kwamba neno "nimeona" laweza kutamkwa bila macho. Na hilo likisha kujifunzwa katika jambo dogo halibaki katika jambo dogo.

KOSA SI UONGO

Hapa yatupasa tufanye tofauti, maana watu wengi huchanganya mambo matatu yasiyofanana: kosa, uongo, na kujidanganya.

Mwaka 1610 Galileo Galilei wa Italia aliielekezea Zohali darubini yake. Chombo chake kilikuwa dhaifu. Hakuona pete, aliona kama nyota tatu zilizogusana, moja kubwa katikati na mbili ndogo ubavuni. Akaandika hivyo. Mwaka 1612 alipotazama tena, zile mbili ndogo zilikuwa zimetoweka, kwa sababu pete zilikuwa zimetugeuzia ukingo kama zilivyofanya mwaka 2025. Jambo hilo lilimtatiza sana, wala hakuweza kulieleza. Hata hivyo akaandika kwamba hazionekani. Ilikuwa mwaka 1659 Christiaan Huygens wa Uholanzi alipotangaza kitabuni kwamba Zohali imezungukwa na pete, na kwamba yale yote yaliyowatatiza watu yatokana na jinsi pete hiyo inavyotugeukia.

Galileo alikosea kuhusu Zohali, maana hakuna nyota tatu. Lakini ushahidi wake ulikuwa wa kweli, na kwa sababu ulikuwa wa kweli uliwafaa waliokuja baada yake. Kama angaliona haya, akaficha yale ya mwaka 1612, angaliwanyima wenzake kitu cha maana. Basi mtu aweza kukosa bila kusema uongo. Kinyume chake, yule kijana wetu aliyechora pete asizoziona alichora jambo la kweli, kwa kuwa Zohali ina pete. Walakini alisema uongo. Wazazi na walimu, litafakarini jambo hili. Jibu laweza kuwa sahihi na aliyelitoa asiwe mkweli.

Sasa tuje kwenye kujidanganya. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli, naye wa Italia, aliona mistari katika sayari ya Mirihi, akaiita kwa neno la Kiitaliano lenye maana ya njia za maji. Neno hilo lilipoingia katika Kiingereza likageuzwa kuwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono. Tajiri mmoja wa Marekani, Percival Lowell, alijenga nyumba ya darubini huko Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, akachora mamia ya mistari hiyo, akaandika vitabu kueleza kwamba viumbe wenye akili waliichimba ili kuleta maji kutoka kwenye barafu ya ncha za sayari yao. Watu wengi walimsadiki. Mwezi wa Julai 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi, kikaleta picha za mashimo kama yale ya mwezini. Mifereji haikuwamo.

Hatuna sababu ya kumwita Lowell mwongo. Alikesha miaka mingi, alitumia mali yake, alisema aliyoamini. Lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuamua yatakayoonekana, na macho yakautii moyo. Hiyo ndiyo hatari iliyo kubwa kuliko uongo wa makusudi, kwa sababu mwongo ajua kwamba adanganya, ila ajidanganyaye huenda kwa ujasiri na kuwavuta wengine. Dawa yake ni ile ile ya daftari la porini: andika ulichoona kabla hujaandika unachodhani, wala usiyachanganye katika mstari mmoja.

JE, KUAMBIWA NI AIBU?

Msomaji mwenye kufikiri aweza kutupinga hapa. Atasema: Karibu yote tunayoyajua tumeambiwa. Sijapata kuiona Ulaya, wala sikumwona babu ya babu yangu. Je, nisiseme kwamba walikuwako? Na imani yenyewe je, si jambo la kuambiwa?

Neno lake ni la haki. Kumsadiki shahidi mwaminifu si aibu. Bila hivyo wanadamu wasingeweza kuishi hata siku moja. Mwanafunzi yule yule akiutazama Msalaba wa Kusini ataona karibu yake nyota mbili zinazong'aa. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Sentauri, ambayo mwanga wake hutumia zaidi ya miaka 4 kutufikia. Je, mwanafunzi ameuona umbali huo? Hasha. Ameambiwa. Lakini mwisho wa mnyororo wa kuambiwa yuko mtu aliyepima kweli. Thomas Henderson alipima nyota hiyo katika Rasi ya Tumaini Jema, hapa hapa barani Afrika, kati ya mwaka 1832 na 1833. Hakuharakisha kuyatangaza matokeo, kwa kuwa alikuwa na shaka kama vipimo vyake vyatosha kuwa hakika. Alipoyatangaza mwaka 1839, Mjerumani Friedrich Bessel alikuwa amekwisha kumtangulia mwaka 1838 kwa kutangaza umbali wa nyota nyingine. Henderson akaikosa sifa ya kuwa wa kwanza. Hakuikosa sifa ya kuwa mwaminifu, na waliopima baada yake wamethibitisha kwamba nyota ile ni miongoni mwa zilizo karibu nasi kabisa.

Basi twaona kwamba thamani ya kuambiwa yategemea uaminifu wa yule aliyeona. Mnyororo wote waning'inia juu ya pete yake ya kwanza. Kila anayesema "nimeona" bila kuona adhoofisha mnyororo ambao sisi sote twaushikilia. Ndiyo maana twasema hili si jambo la wataalamu peke yao.

Na kuhusu imani, Mkristo asiogope swali hilo. Imani yetu yategemea ushuhuda wa Mitume, ambao hawakutumwa kusema waliyoyakisia. Mtume Tomaso alikataa kujifanya amesadiki kwa maneno ya wenzake, na Bwana hakumfukuza. Alimwonyesha majeraha yake, kisha akawaita heri wale wasioona wakasadiki. Lakini walioitwa heri ni wale wasioona wakasadiki, si wale wasioona wakasema wameona. Kati ya hao wawili pana shimo kubwa. Yule wa kwanza amtegemea shahidi. Yule wa pili amejifanya shahidi. Amri ya nane yakataza ushahidi wa uongo, nasi tumezoea kuifikiria kuwa ni amri ya mahakamani tu. Kumbe yaanzia kwenye kitundu cha darubini, kwenye meza ya chakula, na kwenye benchi la dukani.

HESHIMA KWA WAKUBWA

Pingamizi la pili latoka katika mila zetu njema. Je, mtoto akimwambia mwalimu, "Mwalimu, mimi sikuona," hali mwalimu amesema kwamba kitu kipo, hajamvunjia heshima?

Tujibu kwa habari ya kijana wa nchi yetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa. Nafasi katika jokofu ilikuwa ndogo. Mpemba kwa haraka akaweka maziwa yake yangali moto, na mwenzake akaweka yake yasiyochemshwa. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado. Akamwuliza mwalimu wake sababu. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, akaja Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama, akauliza swali lile lile. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakatangaza habari hiyo pamoja katika jarida la walimu wa fizikia. Leo jambo hilo lajulikana duniani kwa jina la Mpemba. Wataalamu wangali wakibishana juu yake. Wengine wamelijaribu wasilipate. Ubishi huo haupunguzi neno letu hata kidogo. Mpemba hakudai kujua sababu. Alisema aliyoyaona, akaomba aelezwe.

Mpemba hakumtukana mtu. Aliuliza kwa adabu, akachekwa, akauliza tena. Twaamini kwamba huko ndiko kumheshimu mwalimu, maana amheshimuye mwalimu humletea kweli, hamletei sifa za bure. Mtoto anayekubali kila kitu hamheshimu mkubwa wake, amwogopa. Na hofu ikiondoka, ukweli hauko, wala heshima haiko.

Tena tusiwadanganye vijana kwamba ukweli hulipwa papo hapo. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, msichana wa Ireland ya Kaskazini, alikuwa mwanafunzi huko Cambridge, Uingereza. Kazi yake ilikuwa kusoma karatasi zilizotolewa na darubini ya redio, kiasi cha mita 30 kila siku. Akaona alama ndogo isiyofanana na nyingine. Angeweza kuiacha, msimamizi wake alidhani kwanza kwamba ni kelele za vyombo vya wanadamu. Bell akaifuata mpaka ikajulikana kwamba ni nyota za namna mpya, ziitwazo pulsa, zinazotoa mapigo kama saa. Mwaka 1974 tuzo ya Nobel ilitolewa kwa sababu ya kazi hiyo; akapewa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Bell hakupewa. Mwaka 2018 alipopewa tuzo nyingine ya dola 3,000,000, alizitoa zote ziwasaidie wanafunzi wasio na uwezo au nafasi ya kusoma fizikia. Mtu wa namna hiyo hakuwa akitazama karatasi zile kwa ajili ya tuzo.

NYUMBANI NA KIJIJINI

Huenda bado msomaji asema: Haya ni ya wasomi, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana, tena kwa uchungu.

Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu uletwao na moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Hasa tangu mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa kuwa watu waliambiwa kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Nani aliona bibi yule akiroga? Nani aliona utajiri ukitoka mfupani? Ukiwauliza wanakijiji mmoja mmoja, kila mmoja atakutajia aliyemwambia. Na aliyemwambia naye aliambiwa. Mnyororo ni mrefu, na mwishoni mwake hakuna mtu aliyeona. Lakini mahali fulani katikati, mtu mmoja alichoka kusema "nasikia" akasema "tumeona". Neno hilo moja lilimwaga damu.

Tuna methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wenye busara waliitumia kuonya kwamba fununu isipuuzwe bila kuchunguzwa. Siku hizi wengi waitumia kuhalalisha masengenyo, kana kwamba kusemwa kwa jambo ndiyo hati yake. Na simu za mkononi zimeongeza mbio. Mtu hupokea picha asubuhi, asijue imepigwa wapi wala lini, na mchana huwaambia majirani, "Nimeona kwa macho yangu." Aliona kioo cha simu. Sheria ya Ushahidi ya nchi yetu, ya mwaka 1967, yadai kwamba jambo la kuonwa lishuhudiwe na yule asemaye kwamba aliliona mwenyewe. Hakimu akidai hivyo kabla ya kumhukumu mwizi wa mbuzi, kwa nini sisi tudai kidogo kuliko hivyo kabla ya kuliharibu jina la jirani?

Iko pia nyota nyingine inayouzwa mijini na vijijini. Kijana akikosa kazi au mchumba, huambiwa kwamba nyota yake imechafuka, alete fedha isafishwe. Mzazi aliyeuza gunia la mahindi kulipia kusafishwa huko hatujamsikia akiuliza faida, kama alivyouliza nauli ya safari ya shule. Kijana aliyekaa usiku mbili na daftari lake atauliza maswali mepesi: Nyota hiyo iko upande gani wa mbingu? Hupanda saa ngapi? Uchafu wake uliuona kwa chombo gani? Mganga hatakuwa na jibu, na gunia litabaki ghalani.

LA KUFANYA

Basi twaomba mambo machache, yasiyo magumu.

Kwa walimu wanaowaongoza wanafunzi usiku twasema: lisifuni daftari lililoandikwa "sikuona" kama mnavyolisifu lililojaa michoro. Mkitaka kupima uaminifu, acheni kila mmoja achungulie na kuchora peke yake kabla hajasikia wenzake. Mawingu yakitanda, msikasirike wala msijaze kurasa kwa mambo ya kitabuni. Andikeni "mawingu", kwa kuwa hilo nalo ni neno la kweli.

Kwa wazazi twasema: ikiwezekana, mpeni mtoto nauli. Isipowezekana, uani pawe shule yenu. Mwezi ukiwa mchanga, simameni nje jioni saa moja, kila mtoto aonyeshe mwezi uko wapi juu ya mti au paa. Kesho yake saa ile ile, simameni pale pale. Mwezi utakuwa umesogea upande wa mashariki kwa kiasi cha ngumi moja na zaidi kidogo, mkono ukiwa umenyooshwa. Msiwaambie kabla. Waacheni waone, waseme, wabishane, na jioni ya tatu wahakikishe.

Na mtoto anaporudi safarini, msimwulize tu, "Umejifunza nini?" Mwulizeni, "Uliona nini wewe mwenyewe? Uliambiwa nini, na nani? Na nini wadhani tu?" Akijibu kwamba hakuziona pete, msimcheke, wala msimwambie kwamba fedha zimepotea. Mtoto anayethubutu kuwaambia wazazi wake "sikuona" amerudi na mali. Siku moja ataitwa mbele ya baraza la kijiji, au la ukoo, au mbele ya hakimu, na uhai au jina la mtu litaning'inia juu ya neno lake. Wengine wote watakuwa wamesema wameona. Yeye asiogope kusema kwamba hakuona.